Kuku wa Ijumaa ya Kwaresma

Siku ile waliokuwepo ni hawa. Sista Verediana, aliyefika amekunja mikono ya vazi lake mpaka viwikoni. Wanafunzi wake tisa wa sekondari: Spesioza, Anastazia, Leokadia, Bernadeta, Skolastika, Perpetua, Yasinta, na Maria wawili, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Bibi Nyamburi, jirani yetu, alikuwepo kwa macho tu. Alisimama kwenye uzio wake wa minyaa tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Na sisi wenyewe wanne: mimi Neema, niliyekuwa na miaka kumi na minne, na wadogo zangu Elia, Debora na Samweli. Baba hakuwepo, mama hakuwepo. Wewe unayesoma huna haja ya kuwashika wote hao kichwani. Mimi ndiye ninayepaswa, na mpaka leo naweza kuwataja kwa mpangilio waliosimama shambani, kuanzia upande wa njia hadi upande wa mawe.

Kinachonirudisha huko ni harufu. Manyoya ya kuku yakimwagiwa maji ya moto hutoa harufu nzito, ya unyevu, inayokaa puani hata baada ya kunawa. Wiki iliyopita nilikuwa nanyonyoa kuku wa wageni, nikajikuta nimeganda nimeshika bawa, mpaka binti yangu akaniuliza, "Mama, umeungua?" Sikuungua. Nilikuwa nimesimama tena nyuma ya nyumba ya babu, upande wa Butiama, na jogoo wa jirani alikuwa akiwika bila jike wa kumwitikia kwa sababu kuku wetu mmoja tuliyekuwa naye nilikuwa nimemchinja.

Hatukuzaliwa kijijini. Baba alikuwa seremala Nyakato, pale Musoma mjini, na nyumba yetu ya kupanga ilinukia randa na gundi. Alianza yeye kuugua akafa, akafuatia mama. Katika msiba wa mama niliona jambo ambalo sikulisahau: majirani walikuja, walilia, walitushika mikono, lakini chakula chetu hawakukigusa. Walikuja na maji yao kwenye chupa. Mwanamke mmoja aliyekuwa akila kwetu kila Jumapili alichukua sahani, akaishika kwa muda, kisha akaiweka chini ya kiti. Nilikuwa mtoto lakini si mjinga. Nilijua walichokuwa wanakiogopa, na nilijua kwamba sasa kilikuwa na sura yetu.

Baba mdogo Wambura akatuchukua kwenye nyumba ya babu iliyokuwa imefungwa. Mimi nikaacha shule muhula wa pili wa kidato cha kwanza. Simlaumu baba mdogo. Alikuwa na watoto sita wa kwake na ng'ombe wawili waliokonda. Lakini alituambia wazi, amesimama mlangoni bila kuingia. "Hili shamba la baba yenu lisipolimwa kabla mvua hazijatulia, siwezi kuwalisha wanne. Elia ataenda Kibara kwa mjomba wake, akajifunze mitumbwi. Debora atakaa Kabasa kwa shangazi. Samweli nitabaki naye mimi. Na wewe, kuna mama mmoja Mwanza anatafuta msichana wa kazi."

"Na likilimwa?" nikamuuliza.

Akatazama shamba, kisha akatazama mikono yangu. "Likilimwa likapaliliwa, tutaongea."

Mama alipokuwa kitandani alinishika kidole kimoja, hakuwa na nguvu ya kushika mkono wote, akasema, "Usiwatawanye." Kwa hiyo nilipomsikia baba mdogo akitaja Kibara na Kabasa na Mwanza kama mtu anayegawa mabanzi, niliamua kwamba shamba litalimwa hata kama itabidi nilichimbe kwa kijiko.

Nilikuwa nimesikia habari za risaga. Kwetu mtu akizidiwa na kazi hupita nyumba kwa nyumba na kutangaza siku. Watu huja na majembe alfajiri, hulima pamoja mpaka kipande kimekwisha, na mwenye shamba huwapikia chakula cha heshima. Halafu, na hapo ndipo penye uzito, kila aliyekuja kwako anakudai siku moja. Atakapokuita utaenda, hata kama una homa. Mwenye kula jembe la mwenzake asilirudishe, jina lake linaisha pale kijijini. Mimi mtoto wa mjini niliishika sheria hiyo kama mtu aliyeokoka jana anavyoishika dini: sikubakiza hata nukta.

Nikasaga mtama, nikatengeneza togwa, nikapita nyumba kumi na moja. Wote waliitikia vizuri. Siku ilipofika hakuja hata mmoja. Togwa likakaa, likachacha, likaanza kutoa povu, na sisi watoto wa mlokole tukawa tunamiliki mtungi wa pombe. Aliyekuja kuinywa ni Bibi Nyamburi, bila jembe.

"Wewe katoto," akaniambia akifuta midomo, "risaga ni ya watu wenye mikono. Wakija kumi, utawalipa na nini? Na hivyo vikono vyako kama miguu ya korongo?"

"Nitalipa, bibi."

"Utalipaga ukiwa wapi? Wambura anakupeleka Mwanza." Akainamisha mtungi kuangalia kama kulikuwa na kilichobaki. "Lakini togwa lako zuri. Mama yako alikufundisha."

Wiki mbili baadaye ndipo alipokuja Sista Verediana. Alifika na mwenyekiti wa kitongoji, akauliza tuko wangapi, nani anapika, nani mkubwa. Niliposema mkubwa ni mimi, hakucheka. Akauliza tuna shida gani kubwa kuliko zote. Nadhani alitegemea niseme sabuni au daftari. Nikamwonyesha shamba. Akasema, "Ijumaa nitakuja na watu."

Sikujua lolote kuhusu matendo ya huruma. Sikujua kwamba kule shuleni kwao, kwenye barabara ya kwenda Bunda, wanafunzi hutoka kila Kwaresma kwenda kuwatekea wazee maji, kufua nguo za wagonjwa, kukandika nyumba zilizobomoka. Mimi nilisikia neno moja tu: watu. Watu wanakuja na majembe. Basi hiyo ni risaga, na risaga hupikiwa. Unga tulikuwa nao. Kitoweo hatukuwa nacho, isipokuwa kuku jike mmoja mwekundu ambaye mayai yake ndiyo yaliyotupatia chumvi na mafuta ya taa. Elia alilia nilipomkamata. Nikamwambia, "Nyamaza. Huyu ndiye anayekuzuia usiende Kibara."

Walifika asubuhi wakiimba, sketi zao za shule zimefungwa kanga juu. Walishusha gunia la unga na sabuni za miche, nami nikaviweka pembeni bila hata kushukuru vizuri, maana macho yangu yalikuwa kwenye majembe. Yalikuwa kumi. Sista alikuwa na lake. Walijipanga mstari na kuanza, na Spesioza, aliyekuwa mkubwa wao, msichana mnene wa Kibara mwenye sauti ya kuita mitumbwi, ndiye aliyekuwa akipiga hatua wengine wakafuata.

"Yasinta, inua jembe! Unabembeleza udongo, unadhani utalala?"

"Udongo wenyewe mawe matupu, da' Spe."

"Mawe yalime."

Bibi Nyamburi kwenye uzio wake alikuwa na yake. "Hao watoto wa masista wanalima kama wanaua nyoka," akasema kwa sauti ya kusikika. Maria mfupi akamjibu, "Shikamoo bibi! Karibu utuonyeshe nyoka mwenyewe!" na mstari mzima ukacheka, hata Sista. Bibi Nyamburi hakuja, lakini hakuondoka.

Jua lilipofika utosini walikuwa wamelima kipande chote mpaka kwenye mawe. Mimi sikuwahi kuona kitu kizuri kama udongo ule mweusi uliogeuzwa. Sista akaenda nyumbani kwa baba mdogo kuzungumza naye, na mimi nikaandaa chini ya kivuli cha nyumba. Maji ya kunawa, ugali wa mtama na muhogo, na chungu. Debora ndiye aliyefunua. Mvuke ukapanda, na harufu yake, wallahi, ilikuwa nzuri.

Hakuna aliyenyoosha mkono.

Anastazia akasema polepole, "Mungu wangu, kuku." Yasinta akamtazama Spesioza. Leokadia akatazama vidole vyake vilivyolowa. Ukimya ule niliujua. Niliufahamu tangu Nyakato, tangu ile sahani iliyowekwa chini ya kiti.

"Mdogo wangu," akasema Spesioza, na ile sauti yake kubwa yote ilikuwa imekwisha, "usichukie. Leo hatuli nyama. Ni Ijumaa."

Ijumaa! Kama kuna siku niliyoijua vizuri ni Ijumaa. Pale Nyakato tulipakana ukuta na fundi cherehani Mwislamu, na Ijumaa ndiyo siku ambayo mkewe alipikaga pilau ya nyama na kutuletea sahani juu ya ukuta. Ijumaa ndiyo nyama yenyewe. Kwa hiyo nikajua ninadanganywa, tena kwa upole, na uongo wa upole ulinichoma zaidi kuliko matusi. Kwa mama ibada ilikuwa kufunga siku nzima bila hata maji au kutofunga kabisa. Kuacha nyama peke yake siku moja sikuwahi kusikia.

"Tuwekee mpaka kesho," Spesioza akaongeza.

Nikafunika chungu. Nikawaletea chumvi na mlenda uliobaki jana, nikaingia ndani nikakaa chini nyuma ya mlango. Walikula ugali wote. Leo ninapokumbuka najiuliza ilikuwaje sikuliona hilo: watu wanaoogopa ugonjwa hawawezi kumega ugali uliosongwa na mikono ileile, kwenye sinia moja, mpaka wakagombania ukoko. Lakini mtoto aliyekwisha kuamua jambo huwa haoni kinachompinga. Mimi niliona chungu tu.

Walipoondoka, Bibi Nyamburi alipita kati ya minyaa yake. "Wamekuachia kuku?" akauliza, akitazama chungu kwa matumaini. "Sasa hiyo risaga gani. Asiyekula chakula chako hakuhesabu wewe kama mtu wa kumlipa. Amekuhurumia tu. Nipe basi paja."

Sikumpa paja. Lakini neno lake liliniingia. Amekuhurumia tu. Kwa sababu nilielewa, hata kwa akili ile ya miaka kumi na minne, kwamba shamba lililolimwa kwa huruma lingelimwa mara moja. Mwezi ujao palizi ingefika, na huruma ingekuwa imehamia nyumba nyingine. Lakini watu wanaodaiana hurudi. Kama sikuwa mtu wa kudaiwa, basi Mwanza ilikuwa inaningoja bado, na Elia alikuwa na mtumbwi wake Kibara.

"Tuwekee mpaka kesho," alisema. Vizuri. Kesho yake, Jumamosi, nikachemsha chungu tena kwa kuni za mwisho, nikakifunga kwa kitenge cha mama, nikakiweka kichwani, jembe begani, nikatembea saa mbili hadi kwenye lango la shule yao.

Mlinzi akanizuia. "Hapa hatununui chakula."

"Siuzi. Nimeleta chakula cha watu waliolima kwangu."

"Na jembe la nini?"

"La kulipa."

Akanitazama juu mpaka chini, chungu, jembe, miguu peku, akaingia ndani kumwita Sista. Nadhani alifikiri nimekuja kufanya fujo.

Sista alikuja haraka, Spesioza nyuma yake. Nikatua chungu chini mbele yao. Nilikuwa nimekariri maneno njiani, saa mbili nzima. "Mlisema kesho. Leo ndiyo kesho. Kama mnaogopa kula kwetu, semeni mnaogopa, nirudi nacho. Msiniambie habari za Ijumaa."

Spesioza akapiga magoti pale pale kwenye vumbi, akafungua kitenge, akafunua, akachukua bawa kwa mkono usionawa akalitia mdomoni. Akatafuna akinitazama. Mfupa ulipobaki mtupu ndipo alipozungumza.

"Chumvi imezidi kidogo," akasema.

Sikujua kama nicheke au nilie, nikafanya vyote. Wakaitwa wengine wote, tukakaa nyuma ya jiko la shule, na kuku mmoja akagawanywa kwa watu kumi. Sista akanieleza Kwaresma, siku arobaini, na kwa nini Ijumaa zake Wakatoliki wanaacha nyama. Anastazia akakiri kwamba usiku kucha aliota kile chungu. Maria mrefu na Maria mfupi wakagombania shingo. Firigisi nilimpa Spesioza, kwa sababu ndiye aliyeongoza mstari, na Skolastika akalalamika kwamba firigisi ni ya mwanaume wa nyumba. "Basi mimi ndiye," akajibu Spesioza akiimeza.

Walipomaliza nikasimama na jembe langu. "Nionyesheni shamba."

"Mwanangu," akasema Sista, "hatukudai chochote. Tumefanya kwa ajili ya Mungu."

"Sista, Mungu sijui shamba lake liko wapi. Nyie nawajua."

Wanafunzi wakaziba midomo. Sista Verediana hakucheka. Alikuwa mzaliwa wa vijiji vyetu vilevile kabla ya kuvaa shela, na nilimwona akihama kutoka mtu mmoja kwenda mtu mwingine ndani ya uso uleule. Mwisho akauliza, kwa sauti ya mama wa kwetu anayepanga kazi, "Tulikuwa kumi. Utaweza kumi?"

"Nitaweza."

"Basi leo ni siku yangu. Bustani ya mchicha iko kule. Usinikatie matuta."

Nikalima mpaka alasiri. Jumamosi iliyofuata nikalima siku ya Anastazia, kisha ya Leokadia, kisha ya Bernadeta. Kila mmoja siku yake ilipofika alikuja kusimama kwenye tuta na kuikubali kwa mdomo, kama sheria inavyotaka. Kila Jumamosi alfajiri nilipita mbele ya minyaa ya Bibi Nyamburi na jembe begani.

"Unaendaga wapi kila wiki, wewe katoto?"

"Kulipa, bibi."

Jumamosi ya kwanza aliguna. Ya pili alinifuata kwa macho mpaka kwenye kona. Jumamosi ya tano nilimkuta amesimama njiani kabisa, amejifunga kanga kiunoni. "Jumatatu ninapalilia mtama," akasema, akitazama pembeni kama mtu anayezungumza na mbuzi. "Nimeita watu. Uje na jembe. Usichelewe, mimi sipendi wachelewaji."

Pengine ulingoja nikwambie nilimkumbatia. Nilisema, "Nitakuja, bibi," nikaendelea na safari, na nilipovuka kona ambako hanioni nikaruka juu mara tatu na jembe langu.

Nilienda kwake. Nilienda kwa aliyekuwa jirani yake, na kwa mwingine. Palizi yetu ilipofika niliita siku, na wakaja saba, Bibi Nyamburi akiwa mbele akiwakaripia wote. Baba mdogo Wambura alipita kuelekea malishoni na ng'ombe wake wawili. Akasimama. Akahesabu watu kwa macho. Alifunga ng'ombe kwenye mti, akaenda nyumbani kwake, akarudi na jembe lake, akaingia kwenye mstari kati yangu na Elia. Habari ya Kibara na Kabasa haikutajwa tena, siku ile wala siku nyingine yoyote.

Wadogo zangu walikulia pale, kwenye nyumba ile ya babu, watatu wote mbele ya macho yangu. Mimi sikurudi shule, na siwezi kusema haikuniuma. Jumamosi nilipokuwa nikilima nje ya madarasa yale nilisikia mwalimu akifundisha na mkono wangu ukapunguza mwendo wenyewe. Lakini nilikuwa nimechagua, na ningechagua tena.

Katika zile siku kumi nililipa tisa. Ya kumi ilikuwa ya Spesioza. Alikuja kwenye tuta kama wenzake, akanyang'anya jembe langu, akalichomeka ardhini. "Yangu hapana," akasema. "Hapa ni kwa masista, si kwangu. Kwetu Kibara mama ana shamba la mihogo. Nikikuita utakuja." Akamaliza kidato cha nne, akaenda zake, na sikusikia habari zake miaka mingi, mpaka simu zilipoingia mifukoni mwetu sote na Maria mfupi akanitafutia namba yake.

Tangu hapo kila mvua zinapoanza namwuliza, na kila mara ana sababu. Mara wamekodi trekta, mara mihogo mwaka huu haina haja, mara wewe nawe Neema, una haraka gani? Mwaka juzi mama yake alifariki. Nilipanda gari hadi Kibara, na nilibeba jembe. Nilijua wakati wa msiba shamba hulala. Alinipokea mlangoni, macho yamevimba, akaliona jembe akalichukua akaliegemeza ukutani. "Msibani hakulipwi," akasema.

Wanawake waliokuwa kwenye mkeka waliniangalia, hawanijui, wakasogeza kanga zao. Mmoja akauliza, "Huyu mgeni ni nani kwenu?"

"Si mgeni," Spesioza akawajibu, akinivuta nikae ubavuni pake, mahali wanapokaa wafiwa. "Huyu ni mtu ninayemdai."

Wakanipisha bila swali lingine. Nilikaa siku tatu, nikapika, nikateka maji, nikaosha vyombo. Vyote hivyo alikataa kuvihesabu. Jembe nilirudi nalo. Wiki hii mvua zimeanza kwetu na nimesikia zimeanza na Kibara. Simu yangu ina chaji. Nadaiwa na Spesioza siku moja, tangu alfajiri mpaka jua la utosi, na bado hajaniita.